Saruji ilipokwisha mara tatu: kisa cha mabwawa mawili ya mchanga Kitui

Mwenyekiti wa kikundi alinipigia simu wiki ya kwanza ya Agosti. Hakuzunguka. "Njoo ujionee. Bwawa letu jipya limekauka tangu Julai. La wale wa juu bado linachotwa. Na watu wangu wanasema wa juu ndio wanaotufungia maji."

Maneno ya kufungiana maji si ya kuchekea Kitui, huku kwetu kwenye ukame wa mashariki mwa Kenya, hasa Agosti, kwa hiyo nilikwenda kesho yake.

Kijito sitakitaja, wala vikundi viwili vinavyoishi kandokando yake. Sasa wanasalimiana na sitaki kuwa mtu wa kuwachokoza upya. Inatosha kujua kwamba ni kijito cha msimu kama vilivyo vingi Ukambani: maji hutiririka saa chache tu baada ya mvua kubwa, siku chache kwa mwaka, na siku zilizobaki ni barabara ya mchanga inayopitwa na mbuzi. Juu kuna bwawa la mchanga la zamani. Chini yake, mwendo wa kama nusu saa kwa mguu, kuna hili jipya la miaka mitatu: refu zaidi, limepigwa lipu safi, na kibao cha mfadhili kimejengewa ukutani. Mvua ni ile ile na mwamba ni ule ule, ila moja lilikuwa na maji na lingine halina.

Kwa asiyewahi kuliona, bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wa msimu, umesimama juu ya mwamba. Mafuriko hubeba mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki kati ya chembe. Kiangazi utapita juu yake na kuapa hakuna kitu. Chimba. Jua hula maji ya juu tu. Kuanzia kama sentimita 60 kwenda chini uvukizi hupungua sana, na karibu na mita moja hauna nguvu tena. Mbu hawana pa kutagia, na hakuna ng'ombe wa kunasa topeni akitafuta maji. Silanga la udongo, yaani bwawa la maji ya wazi, pamoja na sifa zake zote, haliwezi kujivunia hayo.

Wazo lenyewe si geni huku. Serikali ya kikoloni ilijenga machache Ukambani miaka ya 1950. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake wa kikundi cha Utooni, huko Kola, Machakos, walianza kujenga ya kwao. Kitui, shirika la SASOL lilishika kasi kuanzia katikati ya miaka ya 1990, na baada ya kama miaka kumi mabwawa yalikuwa yamepita 500. Mgawanyo wa kazi ni ule ule kila mahali: wanakijiji, kwa mwethya, ile desturi ya Wakamba ya kufanya kazi pamoja, huleta mawe, mchanga, maji ya kuchanganyia na mikono, mfadhili huleta saruji, vyuma na fundi. Hesabu za mabwawa ya Kitui zilizochapishwa mwaka 2008 zilionyesha watu zaidi ya 60,000 wamefikiwa kwa kama dola 35 kwa kila mtu. Kwa maji ya kijijini hiyo ni bei ya bure, na ndiyo maana kila mwenye mradi hupenda kuhesabu kuta.

Basi nikaanza na shutuma ya wanakikundi, maana ndiyo iliyokuwa ikiwanyima watu usingizi. Je, bwawa la juu linameza maji ya la chini? Jibu ni hapana, na si kwa huruma. Watafiti waliopima mito ya Kitui walikuta mabwawa haya yanabakiza chini ya asilimia 5 ya maji ya mvua yanayopita mtoni. Mengine yote yanaruka ukuta na kwenda zake. Bwawa likishajaa mchanga hunywa mafuriko ya kwanza, linashiba, halafu linakuwa kama ngazi tu. Mwaka ule masika ilileta mafuriko manne. Wenyewe walikumbuka na tarehe, maana mojawapo lilichukua mbuzi. Mafuriko manne yanashibisha mabwawa yote mawili na zaidi.

Nikamwambia mwenyekiti hivyo. Akanitazama kama mtu aliyelipia daktari akaambiwa haumwi.

Pili, ukuta unavuja? Ukuta unaovuja hujitangaza: upande wa chini kunakuwa na nyasi mbichi, au mchanga wenye unyevu ukichimba mkono mmoja. Tulichimba mashimo matatu chini ya ukuta, yote makavu kama unga. Mabawa ya ukuta, yale yanayoingia kingoni ili mto usizunguke, yalikuwa mazima na marefu ya kutosha. Nimeona kuta ambazo fundi alibana mabawa ili kuokoa mifuko mitano ya saruji, mto ukapita pembeni na kuuacha ukuta umesimama peke yake uwanjani kama goli lisilo na wavu. Hapa haikuwa hivyo. Fundi alikuwa mzuri, na msingi wake ulikaa juu ya mwamba.

Tatu, je, wanachota kupita kiasi? Kaya 60, mitungi mitano ya lita 20 kila kaya, ni lita 6,000 kwa siku. Bwawa la juu linahudumia kaya zaidi ya hizo, na punda wa kuhesabu.

Ikabaki kuangalia kile ambacho hakuna aliyekiangalia kwa miaka mitatu, yaani kilicho nyuma ya ukuta.

Tulichimba shimo la kina cha mita moja na nusu, hatua kumi nyuma ya ukuta mpya. Juu kulikuwa na mchanga wa kupendeza, unene wa kiganja, ule unaoonekana kwenye picha. Chini yake ukaja udongo laini wa kijivu uliopasuka vipande, unene wa chapati. Halafu mchanga laini kama unga wa ngano. Halafu chapati nyingine ya kijivu. Hivyo hivyo mpaka chini, tabaka juu ya tabaka, kila mafuriko yameacha sahani yake. Susu mmoja, ndivyo Wakamba wamwitavyo nyanya, alikuwa amekaa ukingoni akitutazama. Alishuka, akachukua donge, akalifinya na kunionyesha kiganja.

"Hiki si kithangathi, mwanangu. Huu ni muthanga."

Kithangathi ni mchanga, muthanga ni udongo. Uchunguzi wangu wote ulikuwa umekwisha kwenye kiganja chake, ila mimi nililipwa kufika na kipimo, kwa hiyo nikapima.

Kipimo chenyewe kila kikundi kinaweza kukifanya. Chukua mtungi wa lita 20, ukate juu, utoboe tundu dogo chini na kuliziba kwa kijiti. Jaza mchanga mkavu hadi ukingoni. Mimina maji polepole mpaka yaonekane yakimeremeta juu. Sasa chomoa kijiti, kinga chombo, subiri. Maji yatakayotoka ndiyo ambayo bwawa litakupa. Yatakayobaki yameng'ang'ania chembe na hayatoki hata ukiomba. Vitabu vya mafundi wa mito ya mchanga vinaweka viwango hivi: tope laini hutoa kama asilimia 5, mchanga laini 19, wa kati 25, na wa chembe kubwa 35. Ajabu ni kwamba tope linashika maji karibu sawa na mchanga. Shida yake ni ubahili.

Mtungi wa bwawa jipya ulitoa lita moja na kidogo, tena tukisubiri mpaka chai ikapoa. Tukapanda na mtungi huo huo hadi bwawa la zamani, tukiwa na watu kama kumi wa chini walioshuku kwamba nitawadanganya. Mchanga wa kule ulikuwa wa kukwaruza mkono, na chembe nyeupe za mawe. Ulitoa lita tano na nusu, na nyingi zilitoka kabla hatujamaliza kubishana nani ashike saa.

Tuseme kila bwawa lina mchanga wenye urefu wa mita 300, upana wa 20, na kina cha wastani cha mita moja na nusu. Toa sentimita 60 za juu, hizo ni za jua. Zinabaki meta za ujazo 5,400. Zikitoa asilimia 25, ni lita 1,350,000. Kwa lita 6,000 kwa siku, ni siku 225. Zikitoa asilimia 5, ni lita 270,000, yaani siku 45. Masika huisha mwisho wa Mei. Hesabu siku 45 kuanzia hapo. Unaangukia katikati ya Julai, wiki ile ile waliyoniambia maji yalikatika. Hizi ni hesabu za kifundi, hazina ng'ombe wala maji yanayorudi kutoka kingoni, lakini sijaona hesabu iliyogonga karibu hivyo. Na kwa tope zimependelea, kwa sababu tope hunyonya maji kwenda juu kama utambi wa taa, jua likayala kutoka chini zaidi.

Sasa kwa nini mchanga ukakaa bwawa la juu na tope bwawa la chini, kwenye kijito kimoja?

Hapa nilipata jibu nisilolitarajia, na sikulipata kwenye mchanga. Nililipata kwa mweka hazina wa kikundi cha juu, mama mmoja mwenye daftari lililofunikwa kwa gazeti. Nilimuuliza bwawa lao lilijengwa lini. Akauliza, "Mara ya ngapi?"

Walikuwa wamelijenga mara tatu. Mwaka wa kwanza walichanga kupitia chama chao, wakapata saruji ya ukuta usiofika kiunoni. Ikaisha. Waliona aibu, alisema. Watu walipita wakicheka ukingo ule wa kuvukia panya. Mvua ikaja, ukajaa mchanga hadi juu. Baadaye wakapata fedha kidogo kutoka kwa kanisa, wakaongeza kama nusu mita. Saruji ikaisha tena. Ukajaa tena. Mara ya tatu waliongeza nusu mita nyingine, na saruji ikaisha walipokuwa wanapiga lipu, ndiyo maana mpaka leo upande mmoja una lipu na mwingine hauna.

Bila kujua, walikuwa wamefuata sawasawa ushauri ambao wahandisi wengine wa mito ya mchanga wamekuwa wakiuandika kwa miaka mingi: panda kwa hatua ndogo, subiri mafuriko, panda tena. Ukuta mfupi hauzuii mwendo wa mafuriko. Maji yanapita juu yake yakiwa bado yana nguvu, yanadondosha kilicho kizito, yaani mchanga mkubwa, na kuondoka na tope lao. Ukuta wa mita tatu uliosimama kwa mpigo mmoja unageuza mto kuwa ziwa kwa siku kadhaa. Maji yanatulia, na maji yaliyotulia huangusha kila kitu, pamoja na ule udongo laini wa chapati.

Ukuta wa chini ulijengwa kwa wiki tano. Fedha zilikuwepo zote, saruji ilifika kwa lori moja, na mradi ulitakiwa kufungwa kabla ya mwaka wa fedha wa mfadhili kwisha. Sherehe ilifanyika, mbuzi wakachinjwa. Hakuna aliyefanya uzembe. Tatizo ni kwamba kalenda ya ripoti ilikuwa na miezi kumi na miwili na kalenda ya mchanga ilihitaji mafuriko ya miaka mitatu. Ukitaka kusikia uchungu wangu wa kweli, ni huu: fundi angerudishwa mara mbili zaidi kwa gharama ndogo kuliko ile sherehe.

Niwe mwadilifu kwa upande wa pili. Wapo wajenzi wazoefu wanaosimamisha ukuta wote mara moja na unafanya kazi, na wana hoja. Mto ukitoka kwenye vilima vya mawe yanayovunjika kuwa mchanga mkubwa, kama sehemu nyingi za Kitui, tope ni kidogo na mafuriko yenye nguvu husafisha mengine. Kumrudisha fundi mara tatu nako kuna hatari: fedha huliwa, watu huchoka, kikundi huvunjika. Nimeona ukuta wa hatua ya kwanza uliobaki wa hatua ya kwanza hadi leo.

Hata hapa urefu wa ukuta haukuwa peke yake. Kati ya bwawa la juu na la chini kuna korongo linaloingia kutoka mashariki, limechimbwa na njia ya ng'ombe na maji ya barabara. Kwenye mteremko ule mashamba hayana matuta ya fanya juu, yale ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa mlima. Kila mvua, korongo lile linamwaga udongo mwekundu moja kwa moja kwenye tumbo la bwawa jipya. La juu halilioni kabisa. Kama ningeulizwa siku ya kuchagua mahali, ningesema panda mita mia mbili juu ya korongo. Na kama ningekuwa na akili zaidi ningemuuliza susu, kwa sababu siku ile aliniambia, bila kuulizwa, kwamba zamani walipokuwa wakichimba maji Septemba walichimba pale juu kwenye mkuyu, "si hapa, hapa palikuwa na matope hata nikiwa msichana." Wapimaji walikuja na mashine. Hawakuuliza akina mama walichimba wapi Septemba.

Kikao cha suluhisho kilikuwa kirefu kuliko uchunguzi. Kuliondoa tope kwa majembe ni kazi isiyoanzika: hesabu ya meta za ujazo elfu kadhaa iliwanyamazisha wote. Nilipendekeza mambo matatu. Kwanza, kisima cha ukingoni kichimbwe hadi kwenye mchanga wa asili wa mto, ule uliokuwepo kabla ya ukuta, maana chini kabisa ya chapati zote upo na ni mzuri. Kingefunikwa na kuwekwa pampu ya mkono, na hilo lingesaidia pia usafi, kwa sababu mashimo ya wazi yanayochotewa na watu na kunywewa na punda hayana siri. Pili, matuta kwenye mteremko wa mashariki na mawe ndani ya korongo. Haya mawili yalipita bila makelele.

La tatu lilikuwa kuvunja. Kushusha pito la maji, ile sehemu ya katikati ya ukuta yanapopita mafuriko, kwa mita moja, ili mafuriko ya vuli yapite kwa kasi na kuchukua tope la karibu na ukuta, kisha kulipandisha tena kidogo kidogo.

Kimya. Mzee mmoja akasema ukuta huo alibebea mawe kwa mgongo wake. Kijana mmoja akauliza mfadhili akija kupiga picha tutamwambia nini. Mwenyekiti, ambaye tangu mwanzo alikuwa akitafuta mwizi wa maji kule juu, alisema jambo ambalo sikulitegemea kwake: kwamba afadhali kumweleza mzungu ukuta mfupi kuliko kumweleza mkewe mtungi mtupu. Walicheka, na baada ya kicheko wakakubali. Mhandisi wa maji wa kaunti alikuja, akaangalia ukuta, akaweka alama pa kukata na pa kutogusa. Hatua hii isirukwe. Ukuta uliokatwa ovyo huondoka na mafuriko ya kwanza. Kazi ya nyundo na patasi ilichukua siku tisa. Watu wa juu walituma vijana wanne kusaidia, na mweka hazina wao na daftari lake.

Vuli, ambayo Kitui ndiyo mvua ya kutegemewa zaidi kuliko masika, ilianza mwishoni mwa Oktoba. Nilirudi baada ya mafuriko ya pili. Karibu na ukuta, kama mita kumi na tano, tope lilikuwa limeondoka na mchanga mpya umekaa, wa chembe kubwa kiasi. Tulijaza mtungi. Lita tatu na robo. Tukapanda hadi mita mia moja nyuma, tukajaza tena: lita moja na kidogo, ile ile ya Agosti. Susu alitaka kujua hiyo inamaanisha miaka mingapi. Nilimwambia inategemea mvua na korongo. Akasema korongo lina mawe sasa, ameyahesabu.

Makubaliano ni kwamba pito lisipandishwe hata kwa tofali moja mpaka mtungi wa mita hamsini nyuma ya ukuta utoe lita nne. Kwa sasa mifuko sita ya saruji imeshanunuliwa kwa mchango wa chama. Imepangwa juu ya mbao chumbani kwa mwenyekiti, mbali na ukuta, isishike unyevu.